Mchumba wa Baridi

Kwa kawaida Mama Baridi hakujua kusema uongo. Alikuwa fundi cherehani, na mteja akimuuliza gauni limemkaaje, alimwambia lilivyomkaa. Mteja alinuna, akaondoka, wiki iliyofuata akarudi na kitambaa kingine. Lakini lilipokuja suala la gari la mwanawe, jamani, mama huyo alidanganya bila hata kupepesa macho.

Kwanza alisingizia kichwa. "Hilo eksozi lako, baba, likinguruma tu kichwa kinanipasuka." Baridi hakubisha. Alilala chini ya gari jioni nzima, akafunga eksozi jingine lenye mlio wa adabu, akaja kumwita asikilize. Mama akasingizia spidi. Baridi akaapa kwamba atamwendesha polepole mpaka wenye baiskeli wawapite. Akasingizia ile harufu ya manukato yaliyoning'inia kwenye kioo, Baridi akayang'oa akayatupa. Mwishowe akaishiwa. Akimwona tu mwanawe anafungua mlango wa gari, anakumbuka kuna nguo ya mteja haijatiwa vifungo.

Ukweli ulikuwa magoti. Magoti yaliyokanyaga cherehani tangu ujana yalikuwa yamechoka, na gari lile lilikuwa chini mno.

Na kuwa chini huko ndiko kulikokuwa fahari ya Baridi. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza mafriji, na hata mama yake alishazoea kuitwa kwa jina hilo la utani. Gari alilinunua likiwa mfu. Lilikuwa la milango miwili, halina injini, na panya walikuwa wamezaliana kwenye dashibodi. Akaliweka uani, chini ya banda la mabati lililogusana na chumba cha kushonea, akaanza kulifufua kidogo kidogo kila alipotoka kazini. Akatafuta injini, akaifunga turbo ya kuiongezea pumzi, akavalisha rimu pana, akapiga rangi ya bluu iliyokolea. Majirani wakaona anavyolipangusa asubuhi na jioni wakaliita Mchumba. "Nami nangoja mkwe," mama yake akawa anawaambia, "kumbe naletewa bati!"

Kisha akabadilisha springi, akaweka fupi, gari likashuka mpaka nafasi kati ya tairi na bodi haikupitisha kidole.

"Sasa likikutana na mende njiani itakuwaje?" mama akauliza.

"Ataruka, Mama." Baridi alikuwa amechuchumaa akilitazama kwa ubavu, uso wote unacheka. "Huo ndio uzuri wake. Ukiliinua hata kidogo, linakuwa gari tu."

Viti vyenyewe vilikuwa vya mashindano, vyenye mbavu ndefu huku na huku zinazombana mtu kiunoni na mabegani asiyumbe kwenye kona. Vililetwa vikiwa vimechanika, na nani mwingine wa kuvishona? Mama Baridi alivivalisha kitambaa cheusi chenye uzi mwekundu, mshono mara mbili, akakaza kila kona kwa mkono. Hakuwahi kumshonea bibi harusi yeyote vizuri namna ile.

Kazi ilipokwisha, roho yake ilitaka awe abiria wa kwanza. Siku hiyo Baridi alikuwa ameenda kufunga friji la duka la nyama, gari limebaki wazi. Mama akasema ngoja nikikalie, akirudi anikute humo, acheke. Kuingia hakukuwa na kazi. Aligeuka, akainama, akadondoka ndani puu. Balaa lilikuwa kutoka. Alishika mlango, akashika paa, akajaribu kwa ubavu, akajaribu kwa kwenda mbele, magoti yakagoma kabisa. Ilibidi amwite jirani. Jirani akaja na mikono yenye povu la sabuni, akamvuta, akacheka mpaka akakaa chini, na kabla hajaruhusiwa kwenda kumalizia nguo zake aliapishwa kwamba neno hilo halitatoka.

Mtu atauliza, si amwambie tu mwanawe? Amwambie! Baridi huyu aliyewahi kukataa kazi nzuri ya mji wa mbali kwa sababu tu alimsikia mama yake anakohoa? Angeziondoa zile springi siku hiyo hiyo, kiti angekitupa na mshono wake, na wala asingelalamika. Hilo lilimuuma mama. Lakini lilikuwepo na jingine, na hili alilikiri moyoni tu. Hakutaka mwanawe aanze kumtazama kwa yale macho. Yale ya kumwangalia mtu anavyosimama, kama atafika mlangoni salama. Alikuwa ameyaona macho hayo kwa watoto wa wenzake, akasema moyoni, mimi bado.

Basi akaendelea na vifungo vyake, mpaka Jumamosi moja alipowasikia wanaongea bandani. Dirisha la chumba cha kushonea lilikuwa wazi. Baridi alikuwa na rafiki yake Mnene, jitu la watu lenye gari dogo la njano, na wote wawili hawakuwa na habari kwamba sauti zao zinapenya.

"Nimeamua nalitoa," Baridi alisema. "Kuna mnunuzi anakuja kulichukua kesho jioni."

"Unalitoa Mchumba? Wewe una wazimu?"

"Mama halipendi."

"Kwani anaendesha yeye?"

Baridi aliitua spana chini. "Mimi kila boliti niliyokaza hapa nilikuwa najiambia, siku moja Mama atakaa kwenye kile kiti, nimtembeze, aone nilichofanya. Sasa limekamilika. Watu baki wote wameshalipanda, na Mama anatafuta vifungo. Nikilitazama sasa hivi sioni raha tena. Bora liende."

Ndani, cherehani ilisimama. Mama Baridi alibaki ameshika kitambaa cha watu asijue anakipeleka wapi. Kumbe uongo wake wote ule, aliousema ili gari lisiharibiwe, ndio uliokuwa unaliuza. Aliona aibu, kisha akaona hasira, akayapiga magoti yake kofi, moja huku, moja kule.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana alivaa gauni lake la zambarau, akajifunga kilemba, akatoka uani. Baridi alikuwa analipangusa gari kwa mara ya mwisho, uso umemsawijika.

"Baba, leo nitoe matembezi."

Macho yakamtoka. "Na kichwa?"

"Kimepoa. Kaniletee mkoba wangu chumbani."

Mkoba ulikuwa kisingizio tu. Baridi alipopinda kona, mama akageuka, akainama, akadondoka ndani puu, akajikalisha vizuri kama mwenye gari. Mwanawe aliporudi alimkuta anahangaika na mikanda. Akamfunga, akamkaza taratibu begani.

Walitoka mtaani wakiyapanda matuta kwa mshazari, tairi moja moja, gari lisije likakwaruza tumbo. Wakapita viwandani, kimya kwa kuwa ilikuwa Jumapili, wakaingia barabara mpya isiyo na mtu.

"Unaogopa?"

"Nimekuambia naogopa?"

Baridi akabadilisha gia, akakanyaga. Turbo ikavuta pumzi, mgongo wa Mama Baridi ukazama ndani ya mshono wake mwenyewe, na mwanamke mzima wa heshima zake akapiga kelele, "Weeee!" Kisha akacheka. Alicheka kicheko ambacho hakuwa amekisikia kinywani mwake tangu baba yake Baridi alipokuwa hai. Kilemba kilimteremkia usoni, akakiacha hapohapo.

Baada ya hapo hakuangalia tena barabara, alimwangalia mwanawe. Aliona anavyoinamisha kichwa kusikiliza injini, anavyoingia kwenye kona bila papara na kutoka bila kishindo, mkono wake umetulia kwenye gia. Alikuwa amezoea kumwona amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakujua kwamba akiwa nyuma ya usukani anakuwa mtu mzuri hivi, mpole, mwenye uhakika na kila anachokishika. Alimpenda mpaka akaumwa kifua.

Walirudi mpaka getini. Baridi akazima gari.

"Haya Mama, tumefika."

Mama Baridi akajaribu kisirisiri, akakaza tumbo, akasukuma kwa viganja. Wapi!

"Zunguka tena," akasema.

"Kweli?"

"Nimeonja tu, sijashiba."

Wakazunguka tena. Wakarudi getini, mama akasema hakuiona vizuri ile kona ya daraja. Wakaenda wakaipiga kona ya daraja. Wakarudi, akasema mara hii apige kwa upande wa pili. Baridi alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha, anaeleza mambo ya springi na presha ya turbo kama mtu aliyenyimwa kuongea mwaka mzima. Mara ya nne alisimama pembeni mwa barabara, akatoa simu.

"Kaka, samahani sana, usije," akasema. "Gari haliuzwi. Mama amelipenda."

Mama Baridi aligeukia dirishani akajifanya anatengeneza kilemba. Gari limepona. Sasa atatokaje humu?

Taa ya mafuta ndiyo iliyomaliza mizunguko. Baridi aliweka mafuta, halafu badala ya kurudi nyumbani akapinda kwenye uwanja wa lami ulio nyuma ya ghala, ambako wenzake wapenda magari walikutana kila Jumapili. Magari yalikuwa yamepangwa mstari, boneti juu, vijana wameinamia injini. Walipoona nani amekaa kwenye kiti cha abiria, walipiga shangwe. "Mama Baridi! Shikamoo, Mama! Shuka uone mambo!"

Baridi akazunguka, akamfungulia mlango, akasimama kando kwa mbwembwe. Watu wote wakangoja.

Mama akafungua mikanda. Akaweka mguu mmoja nje, akavuta, akarudi palepale. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Siwezi kutoka."

"Mkanda umenasa?"

"Si mkanda. Magoti. Tangu zamani."

Baridi akachuchumaa pale mlangoni. Alimtazama mama yake, kisha kiti, na mtu angeweza kuona jinsi mambo yanavyojipanga kichwani mwake.

"Na kile kichwa?"

"Uongo."

"Na spidi?"

"Uongo. Spidi nimeipenda."

"Manukato?"

"Hapana, manukato yalinuka kweli."

Baridi akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufika mbali. "Mama, ungeniambia. Kesho nalinyanyua. Na kiti nakitoa, nakuwekea cha kawaida."

"Thubutu! Ukilinyanyua hata kwa unene wa uzi, sipandi tena maisha yangu. Unasikia? Nimekishona hiki kiti kwa mikono yangu. Gari libaki lilivyo."

"Sasa utakuwa unatokaje?"

Mama Baridi akawatazama vijana waliosimama kule, wamenyamaza, wamegundua kuna jambo. Alitamani lami ipasuke. Ndipo Mnene akasogea, akakuna kidevu.

"Mama, usione haya," akasema. "Mimi kutoka humo hunivuta watu wawili, na wa tatu ananisukuma makalio. Baridi, mweleze ile siku ya mvua."

Kicheko kikalipuka uwanja mzima, hata Mama Baridi akashindwa kujizuia. Kilipopoa, Baridi alikuwa bado amechuchumaa, hajaondoa macho kwake. Mama aliyatazama macho hayo akitafuta kile alichokuwa anakiogopa. Hakujua kama kipo au hakipo. Alikuwa amechoka kukikimbia.

"Nishike shingo," Baridi akasema.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, Mama. Kwani ulinibebea wapi, chumbani?"

Mama akanyoosha mikono. Akamshika mwanawe shingoni, naye akapitisha mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni, akajikaza kama mtu anayejiandaa kwa mzigo mzito, akainuka.

Aliinuka haraka kuliko alivyokusudia, nusura ayumbe. Akasimama palepale, amembeba. Yale magauni mapana ambayo mama alijishonea mwenyewe yalikuwa yanaficha mengi.

"Mama," akasema. "Mbona umekuwa mwepesi hivi?"

"Ndicho hicho sikutaka ukijue."

Baridi akamkaza kifuani, akaanza kutembea naye polepole kwenye mstari wa magari, akimwonyesha injini moja baada ya nyingine. Mama Baridi akaweka kichwa begani kwa mwanawe, wala hakumwambia amshushe.