Kigoda cha Oswaldi

Lori la Operesheni Vijiji lilipowachukua akina Oswaldi kuwapeleka Mtowisa, kijiji kipya kule bondeni, drams zake zilibaki zimepangwa vilevile katika ghala la chama pale Kizwite, na fimbo zake zimelazwa juu ya kigoda kama miiko baada ya mlo. Kornel, kiongozi wa bendi, hakutaka viguswe. Mwenyewe atarudi, alisema, na kila jioni alikipangusa kigoda kile vumbi, kana kwamba mtu ametoka nje mara moja tu.

Bendi waliiita Ukungu. Roki waliisikia kutoka redio ya Zambia, ambayo upepo wa Ufipa uliileta na kuipokonya ulivyopenda, kwa hiyo kila wimbo walioujua ulikuwa na matobo. Matobo hayo Kornel aliyaziba kwa gitaa, haraka haraka, kama mtu anayeziba paa mvua ikiwa imeshaanza. Flavian, mwimbaji wao wa kwanza, alikuwa amekwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Adolfu wa besi alirithi uimbaji, ingawa hakuna wimbo alioushika usigeuke kuwa wa kanisani. Na sasa Umoja wa Vijana, wenye vyombo, ulikuwa umetamka: Sabasaba inakaribia, mkoa wenyewe bado mchanga, wageni watakuwa wengi. Bendi isiyotimia haitapanda jukwaani, na vyombo vyake vitapewa kwaya ya chama.

Silvana, fundi cherehani wa ushirika wa jirani, alizoea kuja kuwasikiliza huku akigongagonga mapigo kwa vidole juu ya magoti yake. Nyimbo zote alizijua. Aliomba akae kwenye kigoda. Kornel akamwambia kina mwenyewe.

"Kina mwenyewe, sawa. Lakini kigoda hakipigi ngoma, kaka Kornel," alisema Silvana, akarudi kwenye cherehani yake.

Ndipo Kornel alipopanda lori la kwenda bondeni. Liliteremka ndani ya wingu, polepole, mawe yakiguna chini ya magurudumu, na wingu lilipokwisha baridi nayo ikabaki juu kama koti lililosahauliwa msumarini. Chini kulikuwa na mpunga tu, wa rangi ya asali, na joto lililomfanya aone kila kitu kikitetemeka.

Mama yake Oswaldi alikuwa akipepeta mchele kivulini mwa nyumba mpya isiyokandikwa. Kornel akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umekuja kula, au umekuja kumchukua?"

Mama akamwonyesha shamba kwa kidevu.

Oswaldi alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti shambani, akiamia ndege wasile mpunga. Mikononi alishika kamba nyingi, na kila kamba ilikwenda kwenye debe lenye mawe lililotundikwa mahali pake shambani. Kornel akapanda, akaeleza yote: Sabasaba, vyombo, kwaya. Oswaldi alimsikiliza bila kuacha kazi. Akavuta kamba ya karibu, debe likalia. Akavuta mbili za mbali kwa pamoja. Kisha akanyamaza, muda mrefu mno, mpaka vidole vya Kornel vikaanza kuwasha.

"Mbona unaacha?"

"Ukipiga mfululizo wanazoea. Mwache ndege naye asikilize."

Shamba zima likazuia pumzi. Wala upepo haukuwapo. Kisha debe moja tu, mbali kabisa, na ndege, kwelea kwa maelfu, wakanyanyuka kwa pamoja kama shuka inayokung'utwa, wakaliziba jua, wakaliachia. Kornel alijikuta amefumba macho.

"Turudi, Oswaldi."

"Mama kapewa shamba hili. Nikiondoka, watakaovuna ni hao."

"Na kigoda chako?"

Oswaldi akacheka kidogo. "Kimekaliwa na vumbi vya kutosha. Mpe mtu mwenye makalio."

Wakala wali wa mpunga mpya, kisha Kornel akapanda lori la kurudi.

Kule Kizwite, Kornel aliziondoa fimbo juu ya kigoda, akavuka barabara mpaka kwenye ushirika na kuziweka juu ya kitambaa alichokuwa akishona Silvana. Silvana alimalizia pindo kwanza. Kisha akauliza kama kuna masharti.

"Moja," alisema Kornel. "Tukifika kwenye tobo, usiharakishe."

Siku ya Sabasaba upepo ulikuwa mkali, na watu walisimama uwanjani wamejitanda mashuka. Adolfu aliimba kikanisa, kama kawaida yake. Wimbo ukaenda, ukapanda, ukafika pale ambapo redio ilikuwa ikipotelea siku zote. Vidole vya Kornel vilinyanyuka vyenyewe. Akavibana kwenye nyuzi.

Ukimya ukatandaa. Kikohozi cha mtu kilisikika, na bendera ikijipiga. Katibu wa vijana alisogeza kiti mbele. Kornel alijua bila kugeuka kwamba nyuma yake Silvana alikuwa ameinua fimbo na bado hajaishusha.

Kornel akainua uso kuelekea upande wa bondeni, akangoja ndege waruke.