Maji ya Lineo

Mimi ni shangazi yake Motlatsi, na tangu asubuhi ile mkono ulikuwa unaniwasha nimzabe kibao. Karudi kutoka mgodini na blanketi jipya la mkewe, ugoro wangu mimi, hata kengele ya ng'ombe kaleta. Lineo, binti yake, hakupata hata pipi. Alipoambiwa mtoto anahitaji viatu vya baridi, bwana akajibu, "Atafutiwe baba yake amnunulie." Mbele ya mama mtu! Jamani!

Mkewe, 'Malineo, hakulia. Alifunga furushi, akamwita kaka yake aje na farasi, kisha akaenda barazani kwa chifu, nasi tukamfuata. "Lineo asipokuwa na baba hapa," alisema, "mimi nami sina mume hapa. Leo hii naondoka na mwanangu."

Roho ikanipasuka. Yule mke nilimchagua mimi mwenyewe, na yule mtoto ndiye mguu wangu na macho yangu!

Chifu wetu, Mama Mohau, alikuwa kando ya moto, blanketi mpaka kidevuni. Nje milima ilikuwa myeupe kwa theluji.

"Motlatsi, ng'ombe wa mahari mlitoa?"

"Tuliwatoa wote, Mama."

"Basi mtoto ni wa ng'ombe. Ukishamtolea mke ng'ombe, anayemzaa ni wako, utamlisha, utamvisha. Na jina je? Siku ya harusi ninyi wenyewe mlimwita mkeo 'Malineo, yaani mama Lineo, na Lineo hata mimba hajawa. Leo unamkana mtoto mliyemwita wenyewe?"

"Sheria naijua, Mama. Viatu nitanunua mkinilazimisha. Lakini msinilazimishe kumwita mwanangu."

'Malineo akainuka, akamshika Lineo mkono. "Mmesikia. Viatu vya kulazimishana sivitaki."

"Subiri kidogo, binti yangu," chifu akasema. "Wewe Motlatsi, nani kakwambia si wako?"

Alivuta kofia yake ya sufu, akaangalia chini. "Hakuna aliyeniambia, Mama. Hapo ndipo penye shida. Wenzangu wakipata wa kiume wanapigwa fimbo, wakipata binti wanamwagiwa maji, ndiyo habari yenyewe hiyo. Mimi nilipigiwa simu tu. Sikuguswa hata na tone! Nikasema, wanawake wa nyumbani wanajua kitu, wananionea haya."

Mungu wangu! Miaka yote hiyo mtu anakaa na upuuzi huo moyoni! Nikamgeukia Sello, jirani yetu anayefanya kazi naye mgodini, ambaye sasa alikuwa anajificha nyuma ya watu.

"Wewe! Si nilikuagiza umloweshe?"

"Shangazi, kulikuwa na baridi kali," Sello akanong'ona. "Nilimwonea huruma. Nikamnunulia bia badala yake."

"Ile bia?" Motlatsi akaruka. "Mimi nilidhani unanipa pole!"

Baraza zima likaangua kicheko, chifu naye akajifuta machozi kwa pembe ya blanketi. Lakini 'Malineo hakucheka. Alikuwa keshafika mlangoni, na kaka yake keshakamata hatamu.

Nikaona hapa maneno hayatoshi. Nikampita pale mlangoni, nikavunja barafu kwenye pipa la kunyweshea farasi, nikajaza ndoo. Goti langu bovu hata sikulisikia. Nikarudi ndani, nikamjia bwana mkubwa kwa nyuma, nikammiminia yote, kuanzia utosini.

"Umepata binti!" nikampigia kelele. "Umesikia, mjinga wewe? Binti!"

Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba Lineo kazaliwa dakika ile. Motlatsi alitweta, meno yakagongana. Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. Kisha akapiga magoti, akamnyooshea mtoto mikono.

Lineo akamtazama, akamgeukia mama yake. "Mama, mbona baba kamwagiwa maji?"

"Kwa sababu umezaliwa," 'Malineo akasema.

"Basi akauke kwanza."

Na kweli hakukumbatiwa mpaka akauke. 'Malineo alirudi ndani, akalifungua furushi, akatoa lile blanketi jipya na kumtupia mumewe bila kumwangalia. Kaka mtu akaguna, akaenda kulegeza tandiko. Motlatsi akakaa karibu na moto, anatoa mvuke, na kila aliyeingia akiuliza kimempata nini, alijibu huku anatetemeka, "Nimepata binti."