Mikono ya Mchawi

Kwenye daftari la mchezo wetu wa dadu, ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, kuna kanuni tatu za kuroga. Mchawi aseme maneno yote bila kusoma. Aroge mara tatu tu kwa siku. Mkono wake mmoja uwe mtupu. Hiyo ya mwisho imepigiwa mstari mwekundu, kwa sababu mwaka jana nilishika upanga, ngao, mwenge na mbuzi kwa mpigo, nikadai bado naweza kupanda ngazi. Tangu hapo, mikono ya mchezaji ndiyo mikono ya mhusika wake. Ukishika kikombe cha chai, na yeye kashika.

Jumapili ile mchana tulikuwa watatu kwenye meza ya kukatia nguo. Dada yangu, fundi cherehani, ndiye mchawi. Shemeji, mumewe, ndiye mwendesha mchezo, kwa hiyo ndiye joka. Mimi nilikuwa shujaa, ila joka lilishanila, nikabaki natafuna karanga.

Dada alikuwa anacheza huku anapanga marinda ya gauni la mteja wa saa kumi. Marinda ishirini na manne, ameyabana kwa vidole, bado hajayatia pini. Mchawi wake tumeishi naye miaka miwili. Pale mezani ni kifungo cheusi cha koti. Kanuni zetu hazifufui mtu.

"Joka linakutemea moto," shemeji akasema, kama anayetangaza hali ya hewa.

"Naroga kinga."

"Kwa mkono upi?"

Dada akaitazama mikono yake. Yote miwili imo kwenye gauni.

"Mume wangu, usianze."

"Nahesabu mpaka tano. Moja."

"Mdogo wangu, njoo unishikie hapa."

Nikanyanyuka. Shemeji akanizuia kwa rula. "Maiti hashiki kitu. Mbili."

"Na karanga anazila kwa miguu?"

"Hilo tutalijadili kikao kijacho. Tatu."

"Leo chakula utajipikia."

"Vitisho havimo kwenye daftari. Nne."

Dada akaachia. Marinda yakafunguka yote, kitambaa kikajimwaga mezani. Akainua mkono wa kulia, akayasema maneno ya kinga mwanzo hadi mwisho, macho kamkazia mumewe, hata mimi niliyekufa nikakaa vizuri. Akatupa dadu yetu ya pande ishirini. Alihitaji kumi na mbili kwenda juu. Ikaja kumi na tatu.

"Umepona," shemeji akasema, akaandika.

Mlango ukagongwa. Mteja akaingia, akaliona gauni lake limetandazwa kama shuka, kifungo cheusi katikati.

"Nimewahi sana, fundi?"

"Hapana, mama, mimi ndiye nimechelewa. Nilikuwa nakaribia kufa. Kaa hapo, nipe kama saa moja."

Mteja akakaa taratibu, akanitazama mimi na karanga zangu. "Na huyu?"

"Huyo tayari," dada akasema, akaanza kukunja rinda la kwanza.