Mashine Iliyopigwa Picha

Uvumi wenyewe ulikuwa wa kijinga, wa kucheka na kupita. Ati kuna mwanamke wa mtaa wa pili, muuza maji baridi, alinyang'anywa jokofu lake na watu wa serikali kwa sababu lilipigwa picha. Basi. Hakuiba, hakukwepa kodi, hakumtukana mkubwa yeyote. Jokofu lilipigwa picha, likachukuliwa.

Mama Fundi aliusikia kwenye benchi la zahanati, akacheka na wenzake, tena kwa sauti. Lakini aliporudi kazini ukawa umemng'ang'ania kama uzi kwenye sketi. Anaunga kola ya sweta, mara anajikuta sindano imesimama hewani na yeye anawaza: jokofu linapigwaje picha likaenda? Mwishowe akamuuliza binti yake.

"Mama," binti akasema bila kuinua macho, "watu wa benchi lile hata ukipiga chafya watasema umezaa mapacha."

Binti huyo ndiye aliyekuwa Fundi, na mama yake akaitwa hivyo kwa ajili yake. Alifuma masweta ya shule. Miaka sita alivuta mashine za watu, anafuma sweta mia, jina anapata mwenye duka. Mwaka wa saba alinunua mashine yake, mkono wa pili, kwa mama mmoja mfumaji ambaye mgongo ulikuwa umemkatalia kazi. Aliifuta kwa mafuta kila jioni, sindano moja moja, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Chumba chao cha kazi kilitazama barabara: meza, rafu ya nyuzi za buluu, kijani na damu ya mzee, mashine katikati, na kiti cha mama mlangoni, penye mwanga. Bila mashine ile hapakuwa na chumba, wala rafu, wala sababu ya kuamka mapema. Hilo wote wawili walilijua na hawakuwa wakilisema.

Sasa redio ikatangaza kwamba Mfuko wa serikali unawainua wenye biashara ndogo. Hautoi fedha mkononi, unatoa vifaa. Fundi akapiga hesabu zake: mashine ya pili, na msichana mmoja wa kuivuta, angemaliza oda za shule mbili kabla muhula haujafunguliwa. Akachukua fomu. Ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa uliuliza, "Eleza maono ya biashara yako kwa miaka kumi ijayo." Aliwaza siku mbili, akaandika: Mashine ya pili. Fomu ikapelekwa, wakaambiwa wasubiri ukaguzi.

Kabla ukaguzi wao haujafika, ukafika wa mwingine.

Wifi wa mama, dada wa marehemu mumewe, aliingia asubuhi moja amevaa fulana mpya yenye nembo ya Mfuko, imembana kiasi kwamba maandishi ya "TUINUKE PAMOJA" yalikuwa yamevimba katikati. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake watano. Wafumaji, kwa maandishi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufuma hata kitambaa cha meza.

"Wifi yangu, nimekuja na shida ndogo hivi," akasema, akionyesha ncha ya kidole. "Mashine yetu ya Mfuko imechelewa njiani. Na Jumanne wakaguzi wanakuja kuiona."

"Kuona ambayo haijafika?" Fundi akauliza.

"Wewe mtoto, acha kunishika maneno. Nataka hii yenu. Asubuhi moja tu! Waione, waandike, waende zao. Mchana inarudi hapa, wala haijapoa."

"Shangazi, hapana."

"Sikuongea na wewe, naongea na mama yako." Akamgeukia mama na sauti ikawa laini. "Wifi, wewe si mtu wa kuhesabiana. Msiba wa kaka yangu, masufuria yalitoka wapi? Viti vilitoka wapi? Uliniuliza vimefika au havijafika?"

Hapo ndipo alipompata. Mtaani pale watu waliazimana kila kitu wageni wanapokuja: viti, vikombe, pazia, hata picha ya ukutani. Hakuna aliyeona ni uongo. Mgeni anatazama, anakula, anaondoka, kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Kwa mama, wakaguzi nao walikuwa wageni. Na tuseme kweli yote, kulikuwa na kitu kingine moyoni: wifi alikuwa anajuana na Afisa wa Mfuko. Neno lake moja pale ofisini lingeweza kuitoa fomu ya Fundi chini ya rundo na kuiweka juu.

"Mpe," mama akasema.

"Mama!"

"Ni shangazi yako. Mpe. Nitakwenda nayo mwenyewe, sitaipa kisogo."

Jumanne mashine ikabebwa kwa mkokoteni, mama nyuma yake ameishika kwa mkono kama anayesindikiza mgonjwa. Chumbani kwa wifi walikuwa wamehamisha kitanda. Nyuzi za Fundi zimepangwa mezani, sweta tatu za Fundi zimetundikwa ukutani, na wale wanawake watano wamejipanga kwa fulana zao kama timu ya mpira iliyokosa mpira.

Afisa alifika saa tano. Mtu mnene, safi, viatu vinang'aa, ameambatana na dereva. Hakuuliza mashine ilifika lini. Hakuuliza imetengeneza nini. Alikaa, akaletewa soda, akanywa, akaletewa ya pili. Alipocheua alifungua mdomo kabisa, bila kuuficha kwa mkono, mbele ya wanawake wanaolingana na mama yake. Kisha akatoa kifuniko cha kalamu, akakiingiza sikioni, akakizungusha taratibu huku amefumba jicho moja. Mama akageuza macho, akazitazama nyuzi za binti yake.

"Haya, picha," Afisa akasema. "Mmoja akae, afume."

Wale watano wakatazamana. Hakuna aliyejua hata ishikwe wapi.

"Wifi, kaa wewe," mwenyekiti akanong'ona, akimsukuma mgongoni. "Kaa bwana, utatuaibisha!"

Mama akakaa. Akavishwa fulana juu ya gauni lake. Akavuta mkono wa mashine, ukatoa mlio wake aliouzoea, krr, krr.

"Cheka, mama. Umeinuliwa na serikali, halafu unakaa kama uko msibani?"

Akacheka. Picha ikapigwa. Papo hapo dereva akafungua mkoba wake, akatoa kibati cha bati jeupe chenye namba na maneno MALI YA MFUKO, akachukua drili.

"Hiyo ya nini?" mama akaruka kitini.

"Utaratibu," Afisa akasema. "Picha bila kibati si picha."

"Ni kitu kidogo, wifi, kinatoka," mwenyekiti akamwambia sikioni. "Kwa bisibisi tu."

Drili ikalia. Vumbi la chuma likadondoka juu ya sindano ambazo binti yake alizifuta jana jioni. Matundu manne, ribiti nne za kugongelea, si skrubu. Mama alisikia kama wanamtoboa yeye, na bado akanyamaza, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinamtazama na wifi alikuwa amemshika bega.

Kisha ikaja karatasi. Walihitaji shahidi asiye mwanakikundi, mwenye mwandiko unaosomeka. Mama aliishia darasa la saba. Kusoma alijua, ila alisoma polepole, kwa kidole, midomo ikicheza. Alipoanza mstari wa kwanza mmoja wa wale watano akaguna, Afisa akatazama saa. Aibu ikamshika. Akaona maneno mawili matatu, "makabidhiano", "nimeshuhudia", akapewa kalamu ileile. Kifuniko chake kilikuwa bado na joto na unyevunyevu. Akasaini akiwa amesimama, akajipangusa vidole kwenye sketi, na siku ile nzima aliendelea kujipangusa.

Fundi alipokiona kibati hakupiga kelele. Alikaa mbele ya mashine akakigusa kwa ukucha. Bisibisi haikukitoa. Patasi nayo ingepasua bamba la mashine. "Mama," akasema polepole, "wametuwekea nini hiki?"

"Shangazi yako amesema hakina neno."

"Na mashine yao je, imefika?"

Mama akaokota kola aliyokuwa akiiunga. Alikuwa ameshapata jibu kulekule kwa wifi. Mmoja wa wale watano, akivua fulana, alikuwa amemwambia huku anacheka kwamba hakuna mashine yoyote iliyonunuliwa wala itakayonunuliwa. Wakubwa waligawana fedha zake kulekule ofisini. Wifi yake alipata fungu lake. Wao wengine waliambulia fulana na cha kununulia sabuni.

Wiki tatu baadaye Afisa yuleyule alisimama kwenye mlango wa Fundi, safari hii kwa ukaguzi wa fomu yake. Akatazama rafu, akatazama masweta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akainama kwenye mashine, akasoma kibati kwa sauti, namba kwa namba, kama hajawahi kukiona maishani.

"Hii ni mali ya Mfuko. Ilikabidhiwa kikundi kingine. Inafanya nini hapa?"

"Bosi," mama akasema, "si ulikuwepo? Si wewe ulikunywa soda ukanipiga picha?"

Akamtazama kwa jicho kavu. "Mimi nakagua watu wengi, mama. Nafuata karatasi."

"Ni ya kwangu," Fundi akasema. Akaleta risiti. Ilikuwa karatasi ya daftari aliyoandikiwa na yule mfumaji wa zamani: Nimemuuzia mashine moja ya kufuma, iliyotumika. Jina, tarehe, dole gumba. Namba ya mashine haikuwepo. Nani angeiwaza?

"Mashine moja," Afisa akasoma, akatabasamu. "Mashine moja ipi?"

Ilibebwa siku ileile na gari la ofisi, ikapelekwa kwa wifi. Fundi alishika mguu wa meza yake mpaka gari likakata kona. Hakumlaumu mama yake kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililomtafuna mama kuliko lawama.

Akaenda kwa wifi yake mbio, khanga inamvuka. Alimkuta ameketi, mashine pembeni imefunikwa shuka.

"Sasa mimi ningefanyaje?" wifi akasema kabla hajaulizwa. "Nikisema si yetu, wataniuliza yetu iko wapi. Unataka nifungwe? Mimi, dada wa mume wako?"

"Rudisha mashine ya mtoto."

"Nani amemkataza kuitumia? Aje hapa afume. Kikundi kitamlipa kwa kila sweta." Akacheka kidogo, kama mtu anayetoa zawadi. "Si alikuwa anataka Mfuko? Ndiyo Mfuko huo."

Mama alimtazama yule mwanamke aliyelia naye kaburini na mate yakamjaa mdomoni. Alitoka akatema nje, kando ya njia, akaona aibu, akatema tena.

Ofisini, karani alimfungulia jalada. Picha ilikuwa juu kabisa: yeye mwenyewe, na fulana yake, na mashine ya mwanawe, anacheka. Chini yake saini yake, nzuri, inasomeka.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi. Nilidanganya. Mashine haikutoka kwenu. Sikushuhudia kitu."

Karani akashusha sauti. "Mama, nakuambia kama mzazi wangu. Ukiandika hivyo, umekiri kuidanganya serikali. Na wifi yako utakuwa umemzamisha. Nenda nyumbani."

"Nipe karatasi."

Aliandika pale kaunta, amekalia kiti alichokivuta mwenyewe. Nyuma yake foleni ikaguna. Akaandika kila kitu: mkokoteni, soda, drili, kalamu, maneno ya yule mwanamke wa fulana, tumaini lake kwamba wifi angeipandisha fomu juu ya rundo. Alipomaliza akaisoma yote kwa kidole, midomo ikicheza, tangu mwanzo hadi mwisho, na foleni ikamsubiri.

Maandishi hayo yalifanya kazi, ila si ile aliyoitaka. Mashine ilichukuliwa kwa wifi na kufungiwa stoo ya ofisi kama kielelezo, mpaka uchunguzi ukamilike. Afisa alihamishiwa ofisi kubwa zaidi. Wifi hamsalimii. Mama ameitwa mara mbili kuhojiwa na ataitwa tena. Fundi anavuta mashine ya mwenye duka ng'ambo ya soko, na anaporudi anasema amechoka.

Chumba kile cha kupanga wamekirudisha kwa mwenye nyumba. Kabla ya kutoa funguo, mama alibandika karatasi mlangoni, upande wa barabara, kwa mwandiko wake unaosomeka. Wengine wameinakili. Inasema hivi:

Usiazimishe mashine, jokofu, cherehani wala meza kwa ukaguzi wa mtu mwingine. Awe ndugu, awe nani.

Usikae kwenye kazi isiyo yako wakati wanapiga picha. Usivae fulana yao.

Usikubali kibati, rangi wala namba kwenye chombo chako. Wakitoa drili, piga kelele watu waje.

Usishuhudie kitu ambacho hukukiona kikifika.

Usisaini umesimama. Omba kiti. Soma mpaka mwisho hata kama wanaguna.

Usinunue chombo bila namba yake kuandikwa kwenye risiti.

Usitegemee neno la mtu anayejuana na Afisa.

Usimnyamazishe mtoto wako anaposema hapana.

Usiende ofisini kwao peke yako.