Kidude cha Kushtulia Bibi Harusi

Mtaani walimwita Kiguu, kwa kukata maneno. Jina lenyewe lilikuwa Kiguu na Njia, maana mzee yule hakujua kukaa. Alikuwa fundi makochi, na hata kazi yake aliifanya amesimama, misumari mdomoni, nyundo mkononi, jicho moja kwenye kochi na la pili barabarani aone nani anapita. Mke wake alipofariki, hali ikazidi. Na binti yake aliporudi nyumbani na mimba kubwa, kwa kuwa mumewe anafanya kazi melini na meli haina habari na uchungu wa mtu, basi mzee akawa hata chai anainywa akitembea.

"Baba, utaungua kifua," binti alimwambia.

"Chai haijaua mtu."

Kilichomnyima usingizi ni pikapu yake. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, ya kubebea makochi, na mtaa mzima uliiita Bibi Harusi kwa sababu haitoki mpaka ibembelezwe. Ikishalala na baridi, asubuhi ukiwasha inakujibu tik, tik, basi. Betri mpya alishatia. Fundi magari akamwambia wazi kwamba injini imechoka, inataka umeme mwingi kuliko betri inaoweza kutoa kwa mkupuo mmoja. Kwa makochi haikuwa neno. Kochi halina haraka, na wateja walishazoea kusukuma.

Lakini mwaka juzi, binti huyu huyu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, Bibi Harusi aligoma. Mzee akafungua boneti, akahangaika na nyaya, akaita watu wasukume, na mpaka wanafika hospitali mtoto alishakwenda zake. Watu wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Binti hakusema lolote, si siku ile wala baadaye, na ukimya wake ndio uliokuwa ukimtembeza mzee usiku na mchana.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii Kiguu aliapa hakuna mjukuu wake mwingine atakayefia mlangoni kwake kwa sababu ya gari. Alikuwa amesikia kuna kidude cha kubeba mkononi, unakichaji kama simu, ukikibana kwenye betri kinalishtua gari hata kama limezimia. Akatoka kukitafuta asubuhi, sponji na misumari ameviacha chini.

Alianza pabaya. Aliingia duka la vifaa vya simu, akaonyeshwa kidude chembamba chenye tochi, kinang'aa utadhani kopo la poda. Muuzaji akamwapia kwamba kinawasha hata trekta. Mzee akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa sababu ndivyo anavyopima sponji, akaona kigumu, akasema hiki ndicho. Sasa wewe niambie, betri na sponji wapi na wapi? Alipokifunga kwenye Bibi Harusi, kikawaka taa nyekundu, kikapata joto, na gari likasema tik, safari hii kwa sauti ndogo zaidi.

"Labda tukitumie kama tochi," binti alisema pale dirishani, akicheka kidogo. Mzee hakucheka. Alishafika getini.

Muuza spea wa barabara kubwa alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kabla mzee hajamaliza salamu, akamuuliza: gari gani, dizeli au petroli, injini ukubwa gani, betri moja au mbili?

"Mbona maswali? Nimekuja kununua au kuposa?"

"Mzee wangu, hiki ni kama kiatu. Sikuuzii bila kujua mguu. Kaa, stuli hiyo hapo."

"Nitakaa nimesimama."

Yule mama akatikisa kichwa, akaanza kuteremsha maboksi. Alimweleza kwamba vile vidogo ni vya magari madogo ya petroli. Injini ya dizeli ni nzito kuzungusha, inataka kidude chenye kifua. Tena asidanganyike na namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi, ile ni nguvu ya kufumba na kufumbua, ya kupigia debe. Aitafute namba ndogo iliyojificha nyuma, hiyo ndiyo nguvu inayodumu mpaka injini ishike. Aangalie nyaya ziwe nene, na vibanio viwe vya kuuma kweli. Na kipige kelele ukikosea chanya na hasi, kisije kikakulipukia usoni.

Mzee alikuwa anasikiliza huku anakwenda mlangoni na kurudi. Mwisho vikabaki vidude viwili. Kimoja kilikuwa na pampu ya matairi, tochi, redio, na matundu ya kuchajia simu za ukoo mzima. Cha pili kilikuwa cheusi, kizito, kibaya cha sura, hakina ila vibanio vyake.

"Hicho chenye redio kikifika nyumbani kitakuwa mali ya wenye simu," alisema mama wa spea. "Siku unakihitaji utakikuta kitupu."

Mzee akachukua kile kibaya cha sura.

Lo! Alipokibana tu na kuwasha, Bibi Harusi aliamka mara moja, vuuum, moshi ukafunika ua mzima. Mzee akapiga kofi boneti, akaruka, umri ule! Ungedhani mambo yameisha hapo. Wapi! Ndiyo kwanza yakaanza. Aliwasha gari baada ya chai ya asubuhi, akaliwasha tena kabla ya kuoga. Akiamka mchana kutoka usingizini, anawasha. Kisha anakirudisha kidude ndani kwenye chaji, anachuchumaa mbele yake kuhesabu taa zinavyojaa. Jirani aliyeanika nguo akamuuliza kama anafukiza mbu au vipi.

"Baba," binti alimwita siku moja, ameketi kwenye kochi la mteja, miguu imevimba. "Kaa hapa kidogo. Nina neno."

"Nakuja, mama. Niangalie taa kwanza."

Alipokumbuka kurudi, binti alishalala.

Siku iliyofuata alikutana na dereva teksi wa mtaa wao, kijana wanayemwita Polepole kwa mwendo wake. Polepole akasema, bila nia mbaya, "Mzee, usiwe na wasiwasi. Binti yako kaniambia siku hizi nisiende mbali. Akiniita tu, niko hapo."

Maneno yale yalimchoma. Alirudi nyumbani amefura.

"Umekodi teksi? Na gari ninalo? Na kidude chote kile nimenunua kwa ajili ya nani?"

"Nataka teksi tu, baba."

"Huniamini. Sema tu huniamini!"

Binti alimtazama, kisha akasema, "Nilitaka tuongee, wewe hukai." Na mzee, badala ya kukaa, akatoka nje akaliwasha gari.

Uchungu ulianza mchana kweupe. Mzee alikuwa anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi aliposikia "Baba!" kutoka ndani. Alitupa nyundo akakimbia. Alikimbilia wapi? Kwenye kidude. Akakichomoa, akafungua boneti, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, bila kukosea. "Baba!" binti aliita tena. "Tayari, mama, tayari!" Akawasha, na Bibi Harusi akaitika hapo hapo bila kubembelezwa. Mzee alipiga honi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Machozi yalimlengalenga kwa furaha.

Binti akatoka ameshika ukuta, begi begani. Akaipita pikapu. Polepole alikuwa anaingiza teksi getini, binti akaielekea.

"Imewaka! Husikii? Imewaka!"

"Nimesikia, baba. Njoo."

"Nije wapi? Nani ataendesha?"

Binti akasimama, akainama mpaka maumivu yakapita, kisha akanyanyua uso. "Siku ile sikuwa nakuita kwa ajili ya gari. Nilikuwa peke yangu pale kiti cha mbele, mtoto ameacha kucheza tumboni, naogopa, nakuita wewe. Na kila nikikuita unaniambia subiri, mama, inakaribia kuwaka. Mwanangu amekufa mimi niko peke yangu, na baba yangu yuko mbele yangu, kichwa ndani ya boneti." Akavuta pumzi. "Alikuwa wa kike. Hujawahi hata kuuliza. Leo dereva ninaye. Nakutaka wewe."

Siku zote mzee alidhani binti anamlaumu kwa ubovu wa gari, na ubovu wa gari una dawa, unauzwa dukani. Akaiacha pikapu inanguruma, boneti wazi, kidude kimeng'ang'ania betri, akaingia kiti cha nyuma cha teksi, binti akamshika mkono.

Polepole akaondoka kwa mwendo wake. Mara moja mzee alifumbua kinywa aseme kanyaga, akakifunga. Binti alikuwa anamminya vidole mpaka vinalia.

"Nipo," mzee alisema. Kisha, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, akauliza, "Alifanana na nani?"

"Na marehemu mama. Pua, kila kitu."

Mzee akalia kwa sauti mbele ya kijana wa watu, na hakuona haya.

Hospitali, muuguzi alimpokea binti, akamwonyesha mzee benchi la ukumbini. Alikaa. Polepole akamnong'oneza, "Mzee, ile pikapu tumeiacha inawaka. Nikaizime?"

"Acha iwake."

Alikaa hapo mikono katikati ya magoti, anatazama mlango. Watu walipita, vitanda vya magurudumu vikapita, jioni ikaingia, asinyanyuke hata kunywa maji. Kisha kilio kikatoka ndani, kikali, cha mtu mwenye hasira na dunia. Na nyuma yake sauti ya binti yake, imechoka.

"Baba!"

Muuguzi alinyoosha mkono kumzuia, amwambie asubiri kidogo. Mzee alishapita.