Mchele wa Usevya kwenye Jungu la Umeme

Asubuhi nzima sikutulia. Kila nikikaa nainuka kufunua jungu la umeme, lile la kupika polepole alilonitumia mwanangu wa Dar. Wiki iliyopita makongoro yaliiva humo mpaka mifupa ikaomba msamaha. Safari hii nilikuwa nimetia mchele tangu alfajiri, maana Ndaki wa Usevya alikuwa anakuja kumposea mwanawe binti yangu Lucia. Mchele wenyewe ni wa shamba lake.

Alipofika nikachota. Mwiko ukanasa. Nikauvuta; likaja jungu, ikafuata meza, na paka aliyelala juu yake.

Ndaki akaitazama sahani niliyompakulia. "Mkwe, huu ni mchele wangu au gundi? Binti ndivyo anavyopika?"

"Nimepika mimi! Lucia nilimkataza asiguse."

"Wewe uliyevua kiboko kwa ndoano pale Sitalike? Leo nikuamini?"

Miaka yote nimesema uongo watu wakacheka. Leo nasema kweli, mwanangu anakosa mume.

Lucia alisikia yote. Akawasha mkaa, akabandika sufuria, akatia mchele uliobaki. Ndaki akasogeza kigoda karibu na jiko, akawa anaangalia mikono ya Lucia. Mimi nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Sufuria ilipofunuliwa, kila punje ilikuwa imesimama peke yake. Ndaki akala, akaongeza, akalamba vidole.

"Kumbe huwa unasema kweli," akaniambia.

"Leo tu, mkwe. Usizoee."