Maswali ya Gari ya Baba

Baba yangu alinunua gari isiyofaa, na hilo alilijua kabla hajailipia. Ilikuwa gari ya spoti, otomatiki, milango miwili, nyekundu iliyokwisha kupauka, tumbo liko chini hata tuta la barabarani lazima ilipande kwa ubavu. Pemba mtu hununua gari ya kubebea watu, au magunia ya karafuu, au saruji. Hii ilibeba watu wawili na mkoba. Pale mtaani Machomane wakaipa jina la Kasa. Baba, Mwalimu Nassor wa hisabati, hakukasirika. Alisema kasa huishi miaka mingi.

Yeye hakuishi. Moyo ulimshinda mwezi wa tatu, akiwa na miaka hamsini na sita. Akaacha warithi watatu: mama yangu, Bi Time, mimi, Asma, mtoto wake wa pekee, na ndugu yake, Ami Mmanga wa Wingwi. Kadhi aligawa mafungu kama sharia inavyotaka, mama thumuni, mimi nusu, Ami kilichobaki, na mimi sina neno na sharia. Nyumba ni ya mama tangu zamani. Kilichobaki kugawiwa ni mikarafuu ya Wingwi na gari. Mikarafuu inahesabika mti kwa mti. Lakini gari huwezi kumpa mmoja boneti na mwenziwe tairi tatu, kwa hivyo Ami Mmanga akasema iuzwe. Alisema hivyo mbele yangu, mama akiwa nyuma ya pazia. Mama akaninong'oneza kuwa ameridhia, nikamfikishia Ami. La kwangu mwenyewe nikalinyamazia, na Ami akenda zake ameridhika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siitaki kabisa iuzwe. Sikuwa na hoja ya kumwambia mtu mzima akaielewa. Nina miaka ishirini na mbili, nasomea ualimu, na gari ile ina shida nyingi kuliko faida. Nilikuwa naitaka tu, basi, na roho ilikuwa inaniuma kila nikiiona pale uwanjani imefunikwa turubai.

Mama alikuwa katika eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki wala hajipambi, na katika jambo hili mama yangu hana mchezo. Alikaa chumbani na nguo zake nyeupe, pazia limeshushwa, na kwa mwanamume asiye maharimu wake hakutoa hata sauti. Shemegi yake mwenyewe alizungumza naye kwa kupitia mimi. Kwa hivyo alipopatikana mnunuzi, mpeleka maneno nikawa mimi.

Mnunuzi alikuwa Adil, mwenye duka la rangi na misumari kule Wete, mjukuu wa Mzee Mohamedali. Alikuja Jumamosi baada ya alasiri, peke yake, shati limepigwa pasi, mkononi ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akaamkia kwa adabu, akampa mama pole ya msiba kwa kupitia kwangu, kisha akaikunjua karatasi juu ya goti. Ilikuwa ina maswali, yote yana namba. Alituambia bibi yake, Shirinbai, hamruhusu kununua hata kitunguu bila ya kuuliza kimetoka wapi. Ami Mmanga akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi.

Na mimi nilikuwa nimeshajipanga. Nitaitaja kila aibu ya gari ile, nisiache hata mkwaruzo. Uongo sitasema, maana uongo katika kuuza ni haramu na baba hakunilea hivyo. Lakini hakuna aya wala hadithi inayomkataza mtu kusema ukweli mpaka mnunuzi akimbie.

Swali la kwanza: mita ya kilomita ni ya kweli, au imerudishwa nyuma? Nikaingia kwa mama. Mama akanong'ona nimwambie hajui, yeye alikuwa akipanda tu, tena mara mbili. Nikatoka nikasema mita ni ya kweli, na katika mwaka huu mmoja zimeongezeka kilomita elfu tisa. Adil akainua uso. Akauliza, kwa taratibu, gari hiyo imekwenda wapi katika kisiwa hiki. Nikasema imekwenda uwanja wa ndege na kurudi. Ami akanitazama, kisha akajifanya anaitafuta tasbihi yake.

Tukashuka barazani, tukaiendea gari. Adil akaweka kiganja juu ya boneti, akasema ina moto. Ami akasema ni jua. Mimi nikasema Ami aliiwasha tangu saa tisa, kwa sababu ikiwa baridi inakataa mara mbili za mwanzo. Lo, Ami alinigeuzia jicho ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe. Adil akaandika.

Ajali? Nikasema bampa ya nyuma si yake, baba aligonga mnazi pale skuli akaweka nyengine. Kutu? Nikamwambia ainue zulia la upande wa abiria. Akainua, akaona, akarudisha. Ilikaa bandarini wiki mbili inapigwa na chumvi kabla ya kuvushwa kuja huku. Spea? Pemba hakuna hata moja, ziagizwe Dar es Salaam, na taa ya mbele tuliingoja siku arubaini. Oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa? Imebadilishwa mara mbili ndani ya wiki moja, kwa sababu Fundi Rajab mara ya kwanza alitia oili siyo, na baba akasimama pale gereji mpaka ikamwagwa yote.

Kila jibu nilikuwa naingia ndani kwanza, kwa ada. Mama kila mara alisema hajui. Kisha nikatoka na jibu refu, nimelitoa mwenyewe, nalisema kwa jina lake.

Tukafika kwenye gia. Adil akauliza inabadilisha vipi, laini au inashtuka. Hapo sikungoja hata kuingia. Nilisimama mlangoni pa mama na kusema kwa sauti ya kufika nje: ikitoka ya pili kuingia ya tatu inashtuka kidogo, kama mtu anayekwama kwenye kizingiti, lakini ukiinua mguu kidogo kwenye mafuta kabla haijabadilisha, haishtuki kabisa. Ikipata moto mlimani inachelewa. Usiibane, iache ifikiri, itakwenda.

Nyuma yangu mama akauliza, "Asma, hayo ya mguu umeyajuaje?"

Niliingia nikaliteremsha pazia. Ilibidi niseme. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa naiendesha, mwaka mzima, kila baada ya sala ya alfajiri, siku zile tulizokuwa tukimwambia yeye kwamba baba ananipeleka kuchukua gari ya chuo. Baba alinifundisha wiki tatu tu. Baada ya hapo alikuwa akikaa upande wa pili, analaza kiti nusu, na kabla hatujafika mwisho wa nyumba za mtaani ameshalala. Nilikuwa nakwenda mpaka uwanja wa ndege, nageuza, narudi, nageuza tena. Nikisimama alikuwa anaamka. Kwa hivyo nilikuwa sisimami.

Mama ndiye aliyekuwa akikesha naye. Mwaka ule wa mwisho baba hakuweza kulala chali, pumzi zilikuwa zinamkata. Alikuwa akikaa kitako ukutani na mito mitatu mpaka kunakucha, na mama amemshika mgongo. Kila asubuhi mama alikuwa akishangaa mtu ambaye hakulala anavyorudi na uso uliopumzika. Sasa alijua. Nilimwona anavuta ncha ya mtandio, anaikunja, anaikunjua. Kisha akanionesha mlango kwa kidevu, niende, kuna mgeni.

Nikatoka nikitaraji kumkuta Adil anaaga. Nilimkuta ameikunja karatasi, uso umemfunguka. Akamwambia Ami kuwa ametazama magari manne tangu mwezi wa Rajab, mawili Unguja, mawili hapa, na kote aliambiwa gari haina tatizo, ingia uondoke nayo. Hapa ndipo mara ya kwanza anaambiwa aibu zote hata zile asizouliza. Gari ambayo matatizo yake anayajua anaweza kuishi nayo. Akasema bei iliyotajwa anaikubali, hapunguzi.

Nilikuwa nimeuza gari ya baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, tena vizuri kuliko dalali. Nikajaribu la mwisho, nikamuuliza njia ya kwake ikoje, maana gari hii haipandi mawe. Akasema ni lami mpaka mlangoni, alhamdulillahi. Ami Mmanga sasa alikuwa anacheka kweli. Akasema twende ndani tuandikiane.

Adil akasema bado swali moja. Hili halikuwa kwenye karatasi, lakini bibi yake alimtaka aliulize kabla ya kutoa hata shilingi: mali ni ya warithi, je, wenyewe wote wameridhia? Ami akasema wameridhia. Yeye mwenyewe ameridhia, huyu hapa. Na mjane ameridhia, jibu lake alilileta binti yake.

"Kadhi ametaja watatu," Adil akasema. "Huyo mwengine?"

"Mwengine ni huyu mtoto. Nilimweleza, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiyo idhini."

Adil akaitazama sakafu ya baraza. Alikuwa kijana wa watu, na aliyekuwa mbele yake ni mzee wa watu. Hakupandisha sauti.

"Hiyo ni ya mwari anayeozwa, mzee wangu. Ya mali anasema mwenyewe." Kisha akanigeukia, macho yako kwenye karatasi yake. "Dada, wewe umeridhia?"

Tangu alasiri nilikuwa nabeba maswali yake kwenda kwa mtu mwengine. Hili nililisikia, na mguu wangu ukapiga hatua moja kuelekea kwenye pazia kabla akili haijaukataza. Nikasimama.

"Sikuridhia," nikasema.

Ami Mmanga akaniuliza kama nina wazimu. Akauliza fungu lake atalipata wapi, atakata usukani? Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia achukue kwenye mikarafuu, kwenye nusu yangu mimi, safu ile ya kando ya njia. Tasbihi ikamsimama mkononi. Safu ile ndiyo inayozaa hata mwaka ambao kisiwa kizima kinalia, na kila mtu Wingwi anaijua. Mtu kuacha mikarafuu ile kwa gari ya kutu yenye milango miwili, huyo kwetu anatafutiwa mganga. Nilijua kuwa nafanya ujinga. Nilijua pia kuwa nikisema vyengine nitalala na neno hilo kifuani maisha yangu yote.

Ami akasema niape. Nikasema naapa mbele ya shahidi huyu, Adil bin nani sijui. Adil akasema bin Akbar, akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni. Sikuona kama amekasirika. Aliniambia nikizibe kile kitundu cha sakafuni kabla ya mvua za vuli, na rangi ya kuzuia kutu dukani kwake ipo. Akaaga, akenda zake Wete. Ami naye akavaa makubadhi yake, akaondoka bila ya kuaga, ila njiani alikuwa ameshaanza kumpigia simu mtu kuhusu safu ile.

Nilipoingia ndani mama alikuwa analia, kimya kimya, machozi yanamshuka tu. Nikadhani ni kwa ajili ya mikarafuu. Nikaanza kuomba radhi, kwamba tulimficha, kwamba nimetupa riziki. Akaniinulia mkono ninyamaze.

Kwetu wanawake hawaendi maziarani. Jeneza lilitoka mlangoni pale mwezi wa tatu, wanaume wakalichukua, wakarudi mikono mitupu, wakasema wameshamzika. Mama alisimama dirishani mpaka sauti zao zikapotea, na tangu siku ile, baada ya miaka thelathini ya ndoa, hajui mumewe amelala upande gani wa njia.

"Eda yangu ikiisha," akasema, "muulize ami yako alama ya kaburi lake, kisha utanipitisha njia ya makaburini. Sitashuka. Nikae mle kwenye kiti alichokuwa akilalia, wewe ukishushe kioo, unioneshe ni lipi."

Nikamwambia tutakwenda alfajiri, baada ya sala, barabara ikiwa bado tupu.